Gurudumu Ndani ya Mfuko wa Aproni

Mimi ni fundi wa madoa. Mwaka wa ishirini na mbili huu nasimama nyuma ya beseni katika duka letu la dobi, lenye mashine nne za kufulia, vikaushio viwili na dirisha moja, nikitoa kwenye nguo za watu yale wasiyotaka wenzao wayaone. Mteja akileta shati na kusema ni chai, nalinusa, namwambia sawa, chai, na sote wawili tunajua si chai. Kwa hiyo nikisema namfahamu Bi Pasi naomba niaminiwe. Muda wote huo amekuwa hatua tano kutoka kwangu.

Bi Pasi ndiye mpiga pasi wetu. Jina hilo tulimpa sisi, naye hakulikataa. Meza yake iko chini ya lile dirisha moja, na hakuna anayethubutu kuweka hata kikombe juu yake. Juu ya kichwa chake inaning'inia chupa kubwa ya maji, ya plastiki, ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Kutoka kwenye chupa unashuka mpira mwembamba hadi kwenye pasi. Maji yakishuka, pasi inatoa mvuke na nguo inanyooka. Yakiisha, chuma kinapata moto kupita kiasi, na ukiyarudisha kwa pupa pasi inatema kutu juu ya nguo ya mtu. Plastiki yenyewe imefubaa, huwezi kuona maji yamefika wapi. Lazima ujue tu, na Bi Pasi alikuwa anajua. Alijuaje hatukuwahi kumwuliza, maana mtu hodari haulizwi, anatazamwa.

Tena alikuwa anajua bila kuinua macho. "Jicho likitoka kwenye nguo, pasi inaonja," ndivyo asemavyo, na mashati sitini kwa siku yalipita mikononi mwake bila hata moja kuonjwa na moto.

Masikioni alikuwa na waya za muziki tangu asubuhi mpaka tunafunga. Waya hizo zilishuka hadi mfuko wa aproni, na ndani ya mfuko kilikaa kile kidude cheupe cha muziki ambacho enzi zile kila kijana alikitamani: kioo kidogo juu, gurudumu chini. Ukipitisha dole gumba juu ya gurudumu, orodha ya nyimbo inapanda au inashuka, na kidude kinalia tik tik tik. Alipewa na bintiye, mtoto wake wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa akisoma chuo mji wa mbali. Kila likizo binti alikichomeka kwenye kompyuta yake, akaongeza nyimbo nyingine. Bi Pasi hakukitoa mfukoni hata siku moja akiwa kazini. Dole gumba lilifanya kazi juu ya kitambaa cha aproni, macho yakabaki kwenye ukosi wa shati.

Mwaka jana betri ikavimba. Kidude kikafunguka mgongo kama kiatu kilichochoka soli. Fundi wa vifaa vya umeme alikigeuza mara mbili akasema, "Mama, hiki kizikwe tu." Bi Pasi alihuzunika sana, na sioni haya kusema kwamba na mimi nilihuzunika. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa furaha ukimwona anafanya kazi tu, hata beseni lako linakuwa zito.

Ndipo akaanza habari za kigoda. Kila nusu saa anaweka pasi chini, anavuta kigoda, anapanda kwa goti lake bovu, anachungulia ndani ya chupa, anashuka. Nikamtania, "Dada, kwani umehamia kwenye kazi ya kupaka rangi dari?" Hakucheka. Mimi sikujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa akijua maji kwa miaka yote ameanza kuyachungulia. Niliona uzee, nikarudi kwenye beseni langu.

Sasa huyo binti. Kazi yake ni kutengeneza programu za simu, kazi ambayo mama yake ameshindwa kutueleza. "Anakaa," ndivyo anavyosema. "Anakaa anaandika, halafu anakwambia amechoka." Alipomaliza chuo alipata ajira hapa hapa mjini, upande wa pili, safari ya saa moja tu kutoka kwa mama yake. Tangu awe karibu ndiyo hatumwoni kabisa.

Lakini aliposikia kidude kimekufa, alichukua likizo ya wiki nzima. Siku ya mwisho ya likizo akaja dukani, akatoa simu ya pili aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya meza ya kukunjia nguo. Akabonyeza, na simu ikageuka. Nusu ya juu ikawa kioo kidogo cha kijivu chenye maandishi meusi, nusu ya chini gurudumu jeupe lenye kitufe cha duara katikati. Akazungusha kidole. Tik tik tik.

"Kumbe ni kile kile!" nikasema.

"Si chenyewe, mjomba. Ni programu, inakiigiza tu."

"Na hilo gurudumu linalialia nini, na halipo?"

"Sauti nimeitia mimi."

"Kwa hiyo linadanganya."

"Linadanganya vizuri," akasema, na mama yake akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Tulikizungusha wote, hata Bosi, ambaye kwa kawaida hagusi kitu asichokinunua. Kisha Bi Pasi akaitia simu kwenye mfuko wa aproni, akashika pasi, akapitisha dole gumba juu ya kitambaa kama siku zote. Kimya. Akapitisha tena. Kioo cha simu hakisikii kidole kupitia nguo, na binti wa watu, kwa akili zake zote, alikuwa amekijaribu kiganjani, akikitazama, kama wanavyofanya watu wenye mikono mitupu. Uso wa binti ulinywea.

"Nipe mkasi," Bi Pasi akasema.

Akachukua kifuniko cha chupa yangu ya dawa, akakizungushia chaki juu ya mfuko, akakata duara. Halafu akakaa na sindano, akapindia ukingo wote kwa mshono ule wa tundu la kifungo, uzi mnene, mpaka ukawa na ukuta mdogo ambao dole gumba linaweza kuusikia. Simu ikarudi mfukoni, gurudumu likachungulia dirishani kwake. Binti naye akafungua kompyuta pale pale, akaongeza mtetemo, ili kila tik iguse kidole kama zamani. Mama anashona, mtoto anaandika. Nilisimama na shati la mtu mkononi likidondosha maji kwenye viatu vyangu.

Bi Pasi akajaribu. Dole gumba likazunguka, tik tik tik, macho kwenye nguo. Akatikisa kichwa kwa raha. Kigoda akakisukuma kwa mguu mpaka chini ya rafu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kama saa tatu na nusu, nikasikia pasi yake imebadilika sauti. Pasi yenye maji inapumua, na hii ilikuwa imenyamaza.

"Dada, pasi yako imekauka."

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

Alikuwa kwenye suti ya rangi ya maziwa, sehemu ya bega, na alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa. Mara chuma kikaanza kunata. Akashtuka, akavuta kigoda, akaimimina ndoo nzima kwenye chupa, akarudi mbio kwenye suti. Pasi ikakohoa, ikatema. Madoa sita ya kahawia, kutoka begani mpaka kifuani.

Nilikaa na suti ile mpaka saa kumi jioni, nimeinama mgongo ukauma, nikatoa doa moja moja. Mwenye suti hakujua lolote. Bosi alijua, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni ilipotema.

Bosi si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi, maana mtu mbaya ungemjibu. Alingoja wateja waishe, akaja taratibu. "Dada, umetufanyia kazi kubwa. Lakini umri hauna adabu, unaingia bila hodi. Likitokea tena, utahamia kaunta. Kule kuna kazi ya kupokea nguo tu, na unakaa."

"Nikae?" Bi Pasi akauliza, kama aliyeambiwa alale barabarani.

Kigoda kikarudi. Safari hii hakikuwa kila nusu saa, kilikuwa kila robo saa, kwa woga. Panda, chungulia, shuka. Mashati sitini yakawa arobaini na tano, kisha arobaini. Usoni alikuwa anaonekana amekaza, na kila akishuka alishika ukingo wa meza ile yake kwa muda kidogo kabla ya kuendelea. Alhamisi Bosi akaleta kiti kipya cha kaunta, chenye mto. Akakiweka pale. Bi Pasi alikitazama kile kiti kama mtu anayepimwa urefu na seremala wa majeneza.

Nikashindwa kuvumilia. Wakati wa chai nikamvuta pembeni.

"Dada, una nini? Nawe usiniambie umri. Umri haujaanza Jumatatu."

Akasema kwa sauti ya chini, "Wimbo wangu haurudi."

"Wimbo gani?"

"Wimbo wa maji."

Nikadhani amechanganyikiwa. Akanieleza. Kwenye kile kidude cha zamani nyimbo zilipigwa kwa mfuatano, kuanzia wa kwanza asubuhi mpaka jioni. Kati yake kulikuwa na wimbo mmoja, anaupenda yeye, wa mwanamume anayegonga mlango anamwomba mkewe amfungulie, na mkewe anamwuliza kwanza umetoka wapi. Wimbo huo ulikuwa unarudi kila baada ya kama saa moja, na chupa ya maji nayo inakaa kama saa moja. Basi mwanamume akigonga mlango, Bi Pasi anajaza maji, ananyoosha miguu, anaendelea. Mara tisa kwa siku. Kwenye simu mpya unapigwa asubuhi mara moja, halafu basi.

"Ndiyo maana Jumatatu ulisema bado?"

"Nilikuwa namsubiri agonge."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Miaka yote tunamwona mwalimu, tunasema ana kipaji, kumbe mwalimu ni mwanamume aliyefungiwa nje! Akanipiga begani kwa kitambaa kibichi, na stahili yangu.

"Sasa si umwambie mtoto aurekebishe?"

"Nimwambie nini? Mtoto ametumia likizo yake yote. Ameniletea anatetemeka kwa furaha. Nimwambie kitu chako kibovu? Hata. Bora nikae kwenye hicho kiti chenye mto."

Nami nikaona kwamba anasema kweli, kwamba yuko tayari kuachia meza yake, dirisha lake na yote ili mwanawe asione aibu ya dakika mbili. Uzazi una wazimu wake. Mimi sina mtoto wa kumficha jambo, nikaenda nyuma ya vikaushio nikampigia binti simu. Nilisema vibaya, nakiri. Nilisema, "Mama yako anaondolewa kwenye meza yake kwa ajili ya hiyo programu yako." Akasema, "Kesho asubuhi nipo hapo, mjomba."

Alifika kabla ya Bosi. Mama yake alinitazama jicho moja, nikainamia beseni. Binti akafungua kompyuta juu ya meza ya kukunjia, akachunguza, akachunguza tena.

"Mama, programu haina kosa."

Maneno hayo nayajua. Ni ndugu wa "nguo yangu haikuwa na doa nilipoileta."

"Sijasema ina kosa," Bi Pasi akasema, anaendelea na shati lake.

"Mjomba kasema kuna wimbo haurudi."

"Mjomba wako ana mdomo. Ule wangu wa mlango."

Binti akatafuta. "Huu hapa. Kwenye orodha ya zamani, iliyobaki humu kwenye kompyuta, ulikuwemo mara tisa." Akatabasamu kidogo. "Programu ikikuta wimbo umejirudia inaacha mmoja, mingine inafuta. Niliiandika hivyo makusudi, mama, nyimbo zisijirudie ovyo, simu isijae takataka."

"Takataka," Bi Pasi akasema.

"Si nilidhani nilikosea zamani! Nani anaweka wimbo mmoja mara tisa?"

"Wewe."

Bi Pasi akaiweka pasi kwenye kitako chake. Nilijua hapo kwamba jambo ni kubwa, kwa sababu ukosi wa shati ulikuwa nusu.

"Kila ukija likizo ulikuwa unaniuliza, mama, nikuongezee nyimbo gani. Nami nakwambia anza na ule wangu, nisikie kama kinafanya kazi. Unauweka, tunausikiliza, unacheka. Halafu chini yake unaweka zako kumi na nne, kumi na tano, unarudi chuo. Hukuwahi kukumbuka kwamba ulishauweka, na mimi sikukwambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha kuuweka." Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake vikavu. "Wa kwanza ulikuja umekonda, nikalia chooni usinione. Wa pili una mafua, umelala siku tatu. Wa tatu umenyoa nywele zote, nikadhani una chawa. Wa nne ulikuja na yule rafiki yako mlaji. Wa tano ulikaa siku moja tu. Wa sita ulifeli hesabu, hukusema, nikajua. Wa saba tuligombana, ukaondoka bila kuaga, lakini nyimbo ulikuwa umeshaziweka. Wa nane ulikuja kuomba msamaha, ukaanza kuosha vyombo kabla hata hujavua viatu. Wa tisa ulimaliza chuo."

Mashine namba tatu ilikuwa inazungusha mashuka, hakuna aliyeizima.

"Mara tisa kwa siku unaingia mlangoni, mama," Bi Pasi akamwambia mwanawe. "Nami najaza maji."

Binti alikuwa ameshika ukingo wa kompyuta. "Na baada ya wa tisa?"

"Baada ya hapo ukapata kazi hapa hapa, ukawa jirani."

Hakusema kwa kuchoma, alisema tu kama anayetaja siku ya wiki. Hapo binti akalia, alilia kweli, machozi yakashuka kwenye lundo la mashuka yaliyokwisha kunjwa. Nikamwambia asijali, machozi hayaachi doa, naye akacheka na kulia pamoja, akanitukana kwa adabu.

Akajipangusa. "Naweza kukuwekea kengele, mama. Ilie yenyewe kila saa, hata iandike 'jaza maji'."

"Kengele ni ya shule. Mimi nimeshamaliza shule."

Basi akairudisha ile orodha ya zamani kama ilivyokuwa, wimbo kwa wimbo, mara tisa, na ile sehemu ya kufuta marudio akaing'oa kabisa. Siku hiyo hakwenda kazini kwake. Alibaki pembeni ya meza ya mama yake mpaka jioni, akiona kwa macho yake kazi ambayo alikuwa amepita mbele yake miaka yote akienda kuomba nauli. Mwanamume akagonga mlango, Bi Pasi akajaza chupa. Akagonga tena, akajaza tena. Pasi ilipumua mchana kutwa, na kigoda binti akakikalia mwenyewe. Tulipofunga, mashati yalikuwa sitini na mawili. Bosi alihesabu mara mbili, akakichukua kile kiti chenye mto, akakipeleka ofisini kwake. Anakikalia mpaka leo.

Kabla hawajaondoka, binti akachomeka simu kwenye kompyuta. "Nikuongezee nyimbo gani, mama?"

Bi Pasi alikuwa anavua aproni. Akasimama na mkono mmoja ndani, mmoja nje.

"Anza na ule wangu," akasema, "nisikie kama inafanya kazi."

Ukawa wa kumi. Ulikuwa na shida moja: mara tisa zilitosha siku nzima ya kazi, kwa hiyo wa kumi ukaanza wakati Bosi ameshika funguo. Bi Pasi akawa anasimama na pasi imezimwa, mpaka mke amalize maswali yake na mlango ufunguliwe, sisi tukimngoja nje.

Siku hizi nyimbo za mlango zimefika kumi na saba, kwa sababu binti anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, na kila akija hakosi kuongeza. Orodha haiishi tena kwa siku moja. Jioni Bi Pasi anaizima palipofika, na asubuhi dole gumba linaingia kwenye lile dirisha la mfuko na kuanzia pale pale. Jana nilimwuliza yuko wa ngapi. "Wa saba," akasema, "huyu aliyeondoka bila kuaga." Akaijaza chupa mpaka juu, akarudi kwenye shati.